Barua kwa Mwalimu: Insha hii ni ya nani?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinalia jambo moja: watoto wanaandikiwa kazi za shule na akili unde, au akili mnemba kama wengine mnavyoiita. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko kawaida yangu, kwa sababu ndani yake kuna binti anayesubiri haki yake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, shule ya kutwa wilayani Muheza. Darasa lina wanafunzi 64. Mwezi uliopita niliwapa insha ya nyumbani kuhusu uharibifu wa misitu. Insha 17 zilikuja zinafanana kama mapacha, mpaka aya ya mwisho. Hao niliwauliza, wakakiri kwamba wametumia simu. Shida ni binti mmoja ambaye insha yake haikufanana na ya mtu, ila ilikuwa safi mno. Niliichapa kwenye programu moja ya mtandaoni inayotambua maandishi ya mashine, ikaniambia asilimia 87 ni ya akili unde. Nikampa sifuri, nikamsimamisha mbele ya darasa. Analia, anasema ameandika mwenyewe. Mama yake amekuja shuleni mara mbili. Mkuu wa shule ananiambia nisiyumbe. Usiku silali. Nifanyeje?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu.

La haraka kwanza. Kesho asubuhi futa hiyo sifuri, kabla ya uchunguzi mwingine wowote. Na kwa kuwa ulimsimamisha binti mbele ya darasa, rudi mbele ya darasa hilohilo useme kwamba ulimhukumu kwa ushahidi usiotosha. Huna haja ya kusema hakutumia mashine, maana hilo bado hulijui. Sema unachokijua. Mkuu wako anataka kukulinda, nami niliwahi kufanya kazi chini ya wakuu wa namna hiyo na niliwapenda, lakini anayeumia katika ulinzi huu ni mtoto.

Sasa hiyo asilimia 87. Programu za aina hiyo hazijui nani ameandika. Nyingi zinapima jinsi maneno yanavyotabirika: kama neno linalofuata ndilo ambalo mashine ingelichagua, basi zinahesabu kwamba mashine ndiyo iliyoandika. Mfikirie mtoto wa Muheza aliyejifunzia Kiingereza darasani. Maneno aliyonayo si mengi, anayatumia kwa uangalifu, sentensi zake ni fupi na sahihi, vilevile ulivyomfundisha. Lazima maandishi yake yatabirike. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu 7 za namna hii kwa insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza wa watu waliozaliwa na lugha nyingine. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo, zote zimeandikwa na binadamu, zilisemwa ni za mashine. Insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote bila kuguswa. Kwa maneno mengine, wanaosingiziwa zaidi ni watoto kama wetu.

Hata kampuni ya OpenAI, waliotuletea ChatGPT, ile akili unde ya kuandika, mwishoni mwa Novemba 2022, walitoa programu yao ya utambuzi Januari 2023. Kwa vipimo vyao wenyewe ilikamata maandishi ya mashine 26 katika kila 100, na ikayasingizia maandishi ya watu 9 katika kila 100. Julai mwaka huohuo wakaiondoa kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Piga hesabu ya tisa katika mia kwa darasa lako la watu 64: ni watoto watano au sita waliokesha na daftari, halafu unawapa sifuri.

Nakwambia haya kwa uchungu kwa sababu mimi nilimfanyia mtoto jambo hilihili bila programu yoyote. Ilikuwa mwaka 1998, nafundisha Kiswahili kidato cha pili katika shule moja ya Tanga. Nilitoa insha ya safari ya baharini. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, pembeni ya dirisha lililovunjika kioo, akaniletea kurasa tatu. Alieleza jinsi ngalawa inavyopiga bisho upepo ukiwa wa mbele, jinsi foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyolia kabla tanga halijashika, jinsi wazee wanavyonusa upepo wa matlai na kujua kwamba kaskazi imekwisha. Kabla ya hapo kijana huyo alikuwa hajawahi kuzidisha nusu ukurasa. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika juu: "Umenakili wapi?" Chini yake nikaweka sifuri. Hakujibu. Alikunja karatasi akaiweka mfukoni mwa shati.

Wiki tatu baadaye nilishuka pwani kununua samaki. Nikamkuta amesimama majini mpaka kiunoni, anamsaidia baba yake kuvuta chombo, na baba anampigia kelele: foromali hivi, bisho vile. Maneno yaleyale. Mimi nimesimama na kapu langu. Aliniona akasema, "Shikamoo Mwalimu," kwa adabu kabisa, akaendelea na kazi. Jumatatu nilimrudishia alama zake na nikamwomba radhi. Alipokea. Lakini mpaka anamaliza kidato cha nne, insha zake hazikuzidi tena nusu ukurasa. Nilimwambia mara ngapi aandike zaidi, sikumbuki.

Kwa hiyo mwite binti, ukae naye kwenye benchi chini ya mti, mahali ambapo wenzake hawasikii, insha yake iwe mkononi mwake. Muulize ni sentensi gani ilimsumbua, na mwanzo alikuwa ameiandikaje. Muulize neno hili gumu alilipata wapi. Chagua aya moja, mwambie akueleze kwa Kiswahili anachosema hapo. Dakika tano zinatosha. Mtu aliyeandika hukumbuka pale alipokwama, atakwambia, "Hapo nilitaka kusema mkaa, nikaona nimeshausema juu." Aliyeandikiwa atakusomea tena sentensi ileile, kwa sababu hana nyingine nyuma yake. Na akikwambia kwamba aya mbili ni zake na ya tatu alisaidiwa na simu, umpongeze kwa kusema, halafu aandike ya tatu upya.

Utaniuliza, darasa la watu 64 nitaketi na nani? Nilifanya hivi: nilikuwa na kopo la maziwa la bati, majina yote yamo ndani kwa vikaratasi. Kila insha ikikusanywa, tunachomoa vikaratasi vinane mbele ya darasa. Hao wanane wanakuja kuielezea kazi yao kwa wiki hiyo, na kikaratasi kinarudi koponi, maana kisiporudi waliokwisha kuitwa watalala usingizi. Hakuna anayeitwa kwa kushukiwa. Anaitwa kwa sababu jina limetoka. Hilo liliniondolea jicho la uaskari, na watoto nao wakazoea kwamba kazi yako ni kitu utakachoulizwa.

Jambo jingine lililonisaidia ni kutoa alama kwa rasimu. Katika alama 20, tano zilikuwa za karatasi chafu: zile zenye mistari iliyokatwa, mishale, neno limeandikwa juu ya neno. Mtoto aliyeleta kazi safi bila rasimu alianza na 15. Na chini kabisa ya kila insha walitakiwa kuandika mstari mmoja, "Walionisaidia." Miaka yangu ya mwisho kazini kijana mmoja aliandika hivi: "Kaka yangu, kamusi, na simu ya shangazi kwa aya ya pili." Nilimpa alama zote tano za rasimu nikamrudishia aya ya pili. Darasa zima liliona kwamba aliyesema ukweli hakuchapwa. Insha iliyofuata, mistari ile ilirefuka.

Mwisho, litazame swali lako lenyewe. "Uharibifu wa misitu" mashine imesomea kwa maelfu ya kurasa, itakuandikia usingizini. Wewe uko Muheza. Msitu wa Amani uko wilayani kwako. Ungewauliza: njia ya kwenu anayeuza mkaa ni nani, anautoa wapi, anauza debe bei gani, na mama akiukosa anapikia nini? Mtoto atalazimika kwenda kumuuliza muuza mkaa. Mashine haimjui yule mzee. Akitaka kutumia simu kunyoosha Kiingereza baadaye, angalau habari itakuwa yake.

Wale 17 usiwachape, wameshakiri. Wape kazi upya, kwa mdomo, wawili wawili.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la sita. Kila jioni anachukua simu yangu, anapiga picha swali la kazi ya nyumbani, jibu linakuja, ananakili. Nilipomkemea akaniambia, "Mbona ule ufagio wa Stadi za Kazi ulininunulia sokoni?" Nilimpiga kofi. Baadaye nikakaa nikaona nimempiga kwa kusema kweli. Sasa nimwambie nini? Na simu je, nimnyime kabisa?
Mama wa watoto watatu, Mbagala

JIBU: Nzuri, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kama ningeweza ningeibandika kwenye mlango wa kila ofisi ya walimu.

Nianze na upande wetu. Nilipoanza kazi nilifundisha shule ya msingi, na mifagio hiyo nimeipokea kwa mikono yangu. Mifagio ishirini, yote imefungwa kwa kamba ya rangi moja na fundo la mtu mmoja, na nyuma ya shule muuzaji anaondoka na mkokoteni mtupu. Nilijua. Niliandika alama, na mifagio ikaenda stoo. Wakati huo hakuna aliyekuwa na simu, achilia mbali akili unde. Tuliwafundisha watoto kwamba shule inataka kitu kiletwe, na aliyekitengeneza haulizwi. Mwanao alilishika somo hilo vizuri, na sasa amekurudishia.

Mwambie hivi, kwa maneno yako mwenyewe: ulisema kweli, kofi lile hukustahili, na ufagio ule tulikosea. Mtoto wa miaka 11 hasahau siku ambayo mama yake alimwambia "nilikosea." Halafu Jumamosi tafuteni makuti mabichi, mkae uani mchambue chelewa kwa kisu, mfunge ufagio. Utatoka mbaya, wa kwanza hutoka mbaya, utalegea fundo baada ya siku mbili. Fagieni nao uwanja wenu. Nakusihi usiruke hatua hii ukaenda moja kwa moja kwenye simu, kwa sababu yeye mwenyewe ameshakwambia kwamba kwake ufagio na simu ni kitu kimoja.

Kuhusu simu: UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wao wa mwaka 2023 walipendekeza kwamba mashine hizi zisitumike darasani na mtoto aliye chini ya miaka 13. Mwanao hajafika, kwa hiyo una haki ya kusema hapana kwa kazi za shule, na useme bila kugombana. Lakini ukimnyima simu lazima umpe kitu mahali pake. Akae mezani, au mkekani, karibu na wewe unapopika. Akikwama, asikuonyeshe kitabu. Akwambie kwa mdomo wake swali linataka nini. Mara nyingi anapofika katikati ya kueleza, jibu analiona mwenyewe. Kama hajaliona na wewe hulijui, kazi iende shule hivyohivyo, na makosa yake. Hesabu iliyokosewa inamwonyesha mwalimu pa kufundisha. Ile iliyonakiliwa kutoka kwenye simu inamwambia kwamba mtoto ameelewa, naye anafunga kitabu na kwenda mada inayofuata, mwanao amebaki nyuma na hakuna anayejua.

Na kama mwalimu wake anampiga kwa kila jibu lisilo sahihi, nenda ukaonane naye. Mtoto anayechapwa kwa kukosa atatafuta jibu popote, hata kwa jirani.

SWALI: Salamu kutoka Nairobi, Mwalimu. Kwa miaka mitano nilikuwa nikiandika insha za wanafunzi wa vyuo vya Uingereza na Marekani kwa malipo. Karo ya ndugu zangu ilitoka huko. Tangu ChatGPT ije, kazi imekauka. Sasa mdogo wangu wa kidato cha tatu anaandikiwa kazi na mashine, na nikimkataza ananiambia kwamba hata mimi nilikuwa namtengenezea mzungu mwakenya. Nimjibu nini?
Kaka mkubwa, Nairobi

JIBU: Kwa wasomaji wa huku kwetu, mwakenya ni kile kikaratasi cha majibu ambacho mtahiniwa wa Kenya hukificha kwenye soksi.

Ndugu yangu, mjibu kwamba ni kweli. Usimwambie kwamba ilikuwa kazi ya utafiti au ya uhariri, ameshakujua. Mwambie jinsi ilivyokuwa: kwamba nyumbani hakukuwa na karo, kwamba mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayofanya kuuza insha za namna hiyo kwa wanafunzi wa England kuwa kosa, na kwamba kuna watu wana shahada zenye maneno yako ndani. Kama jambo hilo linakuuma, mwonyeshe kwamba linakuuma.

Halafu mwambie kitu ambacho wewe unakijua kuliko mimi. Miaka mitano ya kusoma usiku, kupanga hoja, kuandika mpaka saa nane, ilimjenga nani? Wale waliokulipa walipata alama, lakini mkono uliozoea kuandika unao wewe. Jumapili moja kaa naye, mchukue swali lake la shule, uandike aya moja mbele yake kwa kalamu, akuone unavyokata na kuanza upya. Huenda hajawahi kukuona ukiandika, ameona pesa tu zikiingia kwenye simu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, wilaya ya Kondoa. Shuleni masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mada naielewa mwalimu akichanganya na Kiswahili kidogo, lakini kuandika nashindwa. Likizo natumia simu ya kaka: naandika kwa Kiswahili, mashine inaniandikia Kiingereza kizuri, nanakili. Mwalimu wetu akijua atasema nimeibia. Lakini na yeye maswali ya jaribio aliyatoa humohumo, tuliyaona. Je, mimi ni mwizi? Nakutumia aya mbili kuhusu maji kijijini kwetu, zote kwa Kiswahili. Moja nimeandika mimi, moja mashine. Ipi nzuri?
Mwanafunzi, Kondoa

JIBU: Marahaba mwanangu.

Mwizi hutaka kitu cha mtu. Wewe fikra ni zako, umekosa lugha ya kuzivalisha. Hilo nalitenga kabisa na wale wanaoipa mashine swali na kwenda kulala. Na nataka wakubwa wanaosoma ukurasa huu walione: mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, anafika kidato cha kwanza anaambiwa kuanzia leo Baiolojia, Historia na Jiografia ni kwa Kiingereza. Kudesa, yaani kunakili cha wengine, hakukuanza na simu. Nimesahihisha majibu ya watoto waliokariri ukurasa mzima wa notisi, mpaka na maneno "see the diagram above" ambapo hakuna mchoro wowote. Hawakuwa wavivu. Kukariri kunachosha kuliko kuelewa. Walikuwa wanajiokoa.

Lakini sikuachi hapo, kwa sababu kunakili Kiingereza cha mashine hakutakufikisha. Siku ya mtihani wa Baraza la Mitihani utaingia chumbani na kalamu yako, na simu ya kaka itabaki nyumbani. Kwa hiyo igeuze kazi. Andika Kiswahili kwanza kama unavyofanya. Halafu jaribu Kiingereza mwenyewe, hata kama ni kibovu, hata kama kila sentensi ina shimo. Ndipo uipe mashine kile kibovu chako, uiambie ikuonyeshe makosa na ikueleze sababu kwa Kiswahili. Soma, elewa, zima simu, chukua karatasi nyingine, andika upya bila kutazama. Chini yake andika: "Nilisaidiwa na akili unde kusahihisha Kiingereza." Itakuchukua muda mara tatu ya sasa. Baada ya mwezi utaona makosa yaleyale hayarudi.

Na usiiamini kwa habari. Mashine hii haikumbuki kama mtu anavyokumbuka. Inapanga maneno yanayofuatana vizuri, na ikikosa ukweli inaweka kinachofanana nao, kwa sauti ileile ya uhakika. Mwaka 2023 jijini New York mawakili walipeleka mahakamani hoja iliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, ChatGPT ilizitunga, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hao ni watu wazima waliosomea sheria. Huku kwetu mwalimu mmoja rafiki yangu alipokea uchambuzi wa tamthiliya wanayoisoma darasani, ndani yake kuna mhusika anaitwa Mzee Jabali anayekufa katika onyesho la mwisho. Tamthiliya haina Mzee Jabali, na hakuna anayekufa. Wanafunzi wanne walimlilia.

Kuhusu mwalimu wako, swali lako ni la haki na sitalipuuza kwa sababu wewe ni mtoto na yeye ni mtu mzima. Mwalimu kutafuta maswali kwa mashine si kosa, kama ameyasoma, ameyajaribu, na anajua majibu yake. Kosa ni kuwakataza ninyi kile anachokifanya yeye kimyakimya. Walimu wenzangu, hili linatuhusu. Nimeona maandalio ya somo yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanabadilisha jina la shule tu, na wengine wanalisahau hata hilo, mkaguzi anafika anakuta shule ya mkoa mwingine imeandikwa juu. Mwalimu angeingia darasani na kusema, "Maswali haya matano nimeyatoa kwenye akili unde, mawili nimeyakataa kwa sababu yalikuwa na makosa, tuone ni makosa gani," angekuwa amefundisha uaminifu zaidi katika dakika kumi kuliko mimi kwa kurasa hizi. Wewe usimkabili darasani. Siku moja, akiwa peke yake, muulize kwa adabu mashine humsaidiaje katika kazi. Huenda anasubiri aulizwe.

Sasa aya zako. Hukuniambia ipi ni ipi, na haikunichukua muda. Hii hapa ya kwanza:

"Maji yanacheza nafasi muhimu katika maisha ya kila siku ya jamii. Hata hivyo, changamoto mbalimbali zinaendelea kuathiri upatikanaji wake. Ni muhimu kutambua kwamba ushirikiano wa wadau wote unahitajika ili kufikia suluhisho endelevu."

Maji hayachezi nafasi, mwanangu. Hicho ni Kiingereza kimevaa kanzu. Na ukiondoa neno "maji" ukaweka "afya," au "barabara," aya yote inasimama vilevile, hakuna kitakachoanguka. Haijaona kisima. Ya pili ni hii:

"Bibi anaamka saa tisa usiku kwenda kisimani. Akichelewa mpaka saa kumi na moja anakuta ndoo zimefika mtini, hapo atarudi jua limeshapanda. Ndoo yake ameipaka rangi nyekundu kwa sababu mwaka jana ilibadilishwa na ya mtu mwingine iliyotoboka."

Hii ni nzuri, na nimeisoma kwa sauti mbele ya mume wangu. Kuna kosa moja dogo: hukutuambia bibi anatoka na nani usiku huo, nami nimeogopa kwa ajili yake. Iendeleze, unitumie kwa anwani hii ya gazeti. Nataka kujua ndoo zikifika mtini ni ndoo ngapi, mti wenyewe ni mti gani, na ile ndoo iliyotoboka bibi aliifanyia nini.